Katuni zetu zinatetemeka kweli, ila msiisingizie kompyuta

Ndugu Mhariri,

Shikamoo na pole na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nakuomba radhi mapema kwamba ntaandika kwa urefu, maana hili jambo limenikaa kooni tangu nisome ile barua ya msomaji wako aliyelalamika kuwa katuni zinazotengenezwa hapa nchini zinatetemeka kama zina homa, watu wanateleza barabarani kama wamepakwa sabuni miguuni, sura mwanzoni hivi mwishoni vile, na watoto wake wakiziona wanabadilisha chaneli. Hapo sina ubishi nae, ni kweli tupu, na baadhi ya hizo zinazotetemeka nimezichora mimi mwenyewe. Nilipogoma ni pale mwisho aliposema dawa yake ni wachoraji tupewe kompyuta kubwa na softiwea za bei mbaya. Hapana bwana. Ukinipa kompyuta sikatai, ntaipokea kwa mikono miwili, ila kule kutetemeka hakuletwi na mashine na wala hakuondolewi na mashine.

Mi nachora katuni za kutembea, wengine wanaita animesheni, nyumbani kwetu wanaita "zile picha zako", hapa Tanga, Makorora, huu mwaka wa tisa. Nilianza na karatasi na mpaka leo karatasi ndo nnayoiamini, laptopu nnayo ya mtumba inanisaidia kupiga rangi na kuunganisha. Hesabu yenyewe iko hivi: filamu inapita fremu 24, yaani nafasi 24 za picha, kwa sekunde moja, lakini wengi wetu tunachora picha 12 tu na kila picha inakaa fremu mbili, jicho la mtu linaridhika. Wajapani mara nyingi wanashuka mpaka picha 8, kila moja inakaa fremu tatu, na sijamsikia mtu akisema katuni za Wajapani zina homa. Kwahiyo hata ile hoja kwamba zetu mbovu kwasababu picha ni chache, haisimami. Rimu moja, ya karatasi sio ya baiskeli (baiskeli inakuja huko mbele), ina karatasi 500, ukichora 12 kwa kila sekunde rimu inakuishia kwenye sekunde ya 41. Mwezi mzima umeinama, unapata sekunde 41 za mtu anaenda sokoni na hajafika.

Meza yangu ni boksi la mbao, juu kioo cha dirisha, ndani taa, ili nikilaza karatasi juu ya nyenzake niione ya chini. Karatasi zote natoboa kwa pancha ya ofisini ile ya matundu mawili, matundu yanaachana sentimita 8, na kwenye boksi nimegongomea vijiti viwili vya unene wa milimita 6 vilivyoachana hivohivo, basi kila karatasi inakaa palepale haihami. Nalitaja hili kwasababu kutetemeka kwa kwanza kabisa kunaanzia hapa, unakuta kijana anachora vizuri sana alafu anapiga picha michoro yake kwa simu kaishika mkononi, karatasi imelala ovyo mezani, ukiicheza ile vidio mji mzima unaruka ruka na lawama inaangukia laptopu.

Ila hilo dogo, mtu akionyeshwa siku moja anaacha. Kubwa ni kunakili nakala.

Nenda kwa fundi seremala yeyote Ngamiani umkute anakata mbao za kenchi, tuseme mbao 20 za urefu mmoja. Fundi asiyejua anakata ya kwanza, ya pili anaipimia kwenye ya kwanza, ya tatu anaipimia kwenye ya pili, na kila safari msumeno unamzidishia milimita moja, akifika ya 20 imezidi karibia sentimita mbili na paa linakwenda upande kama kofia ya mlevi. Fundi anaejua anakata ya kwanza vizuri, anaiandika kwa chaki MAMA, na zote 19 zinapimwa kwa huyo mama, kosa linabaki milimita moja tu halizai watoto. Sasa wachoraji wengi tunafanya kazi kama yule fundi wa kwanza. Picha ya 1 nzuri, unaweka karatasi juu unachora ya 2 kwa kuiangalia ya 1, ya 3 kwa kuiangalia ya 2, pua inaongezeka unywele mmoja, kichwa kinavimba kidogo kidogo, ukifika ya 24 yule sio mhusika tena, huyo ni shangazi yake. Alafu tukio linalofuata linaanza na sura ya mwanzo, ghafla mtu kapungua kilo tano kwa kufumba na kufumbua, na mtoto wa msomaji wako kashika rimoti.

Dawa yake ni ya zamani kuliko kompyuta. Unachora kwanza picha mama, mbili, mwanzo wa tendo na mwisho wake, tuseme ya 1 na ya 9. Kisha ya 5 ya katikati. Kisha ya 3 kati ya 1 na 5, ya 7 kati ya 5 na 9, ndo mwisho unazibia 2, 4, 6 na 8. Hakuna picha inayokaa mbali na mama zake, na huku pembeni umebandika ukutani karatasi ya sura, mhusika kwa mbele, kwa ubavu, kwa nyuma na ile ya robo tatu, kati ya mbele na ubavu, na kimo chake umekihesabu kwa vichwa, huyu vichwa vinne, yule vitano na nusu. Na unaanza na umbo, yai la kichwa, pipa la kifua, vijiti vya mikono, mpaka mwili wote ucheze vizuri hivohivo uchi wa vijiti, alafu ndo ndevu, vifungo na kofia. Vijana wengi wanaanza na macho, jicho moja linachorwa vizuri dakika 20 na kichwa chenyewe hakijajulikana kitakaa wapi. Nliwahi kuwa hivohivo.

(Kuna wachoraji wanaoacha mstari utetemeke kwa makusudi na inapendeza, karatasi inaonekana kama inapumua. Ila angalia vizuri, kinachotetemeka ni wino, mwili uko palepale. Msitumie hilo kama kisingizio.)

Basi tuseme sura imetulia, bado mwendo wenyewe. Hapa ndo kwenye utamu na ndo wengi wanapokwama, maana mwendo haupo kwenye picha, upo kwenye nafasi iliyopo kati ya picha na picha. Chukua nazi inaanguka. Kaa karibu na mnazi, sio chini yake, tusije tukazikana kwa ajili ya sanaa. Mwanafunzi akichora nazi inaanguka anagawa njia sawa kwa sawa, sentimita mbili, sentimita mbili, sentimita mbili mpaka chini, ukiicheza nazi inateremka kama imeshushwa kwa kamba na mtu mpole. Nazi ya kweli inaanza polepole na kila muda unavyopita inaongeza, na inaongeza kwa mpangilio ambao Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, aliuonyesha tangu karne ya 17: ikishuka 1 kwenye kipande cha kwanza cha muda, kipande cha pili inashuka 3, cha tatu 5, cha nne 7, inakwenda kwa witiri. Kwa picha 12 za sekunde, nafasi ya kwanza ni kama sentimita 3 na nusu, ya pili 10, ya tatu 17, na mnazi wa mita 12 nazi inafika chini kwa sekunde 1 na nusu hivi, picha 18 au 19, na nafasi zile za mwisho kila moja inazidi mita moja. Picha za juu zimebanana, za chini zimeachana. Hiyo tu. Penseli ileile, nazi ileile, hata mviringo wa kitoto, lakini ukizipanga hivo mtu anaeangalia anakwepesha kichwa. Mkono wa mama anaepepea jiko la mkaa nao una mpango wake, unabanana huku na huku kwenye ncha na katikati unapita haraka, ukiugawa sawasawa unapata waipa ya gari.

Sasa baiskeli. Mtu wa Tanga ukimwambia achore baiskeli anaona umemdharau, maana sisi tumezaliwa juu ya karia. Baba yangu ni fundi baiskeli, nimekulia kwenye banda lake nikinusa gundi ya viraka, kwahiyo nilipopata kazi ya kuchora mtu anaepeleka gunia la mkaa kwa baiskeli nikasema hii nafumba macho. Nikapiga hesabu: pedeli inazunguka mara moja kwa sekunde, picha 12, tena imekaa vizuri kabisa kama saa ya ukutani, mguu uko saa 12 pale juu, saa 1, saa 2, mpaka unarudi juu. Kila picha saa moja. Nikasafisha, nikapiga rangi, nikamwonyesha mzee kwa furaha.

Akaangalia mara tatu. "We mwana, huyu kapeleka nini?"

"Mkaa, baba. Si unaliona gunia?"

"Gunia nnaliona. Nauliza kabeba mkaa au kabeba pamba, maana mwenye mkaa hapigi pedeli hivi. Na hili gurudumu la nyuma mbona limesimama, umelifunga breki?"

Nikabisha, kwa adabu lakini nikabisha. Mzee hakunijibu, akatoka, akafunga mfuko wa saruji kwenye karia ya baiskeli yake, kilo 50, akaniambia nenda mpaka kwenye kona urudi. Nilifika kwenye kona, kurudi nikarudi nasukuma, ila miguu ilikuwa imeshaelewa. Mguu ukifika juu kabisa unakwama, hauna nguvu, unasubiri, alafu ukipita pale unakandamiza unashuka kwa kasi, na ukifika chini unakwama tena kwasababu mguu wa pili ndo uko juu unasubiri zamu yake. Na baiskeli yote inakwenda hivo, inasukumika, inalegea, inasukumika, inalegea, na mabega yanaenda na mguu unaokandamiza. Nikarudi mezani nikazibananisha picha kwenye saa 12 na saa 6, nikaziachanisha kwenye saa 2 na saa 3 na kule upande wa pili, saa 8 na saa 9, idadi ileile 12. Mzee akaangalia mara moja akasema haya sasa huyu kachoka, mpe maji.

La gurudumu ndo lilinichekesha. Baiskeli hizi za kizamani rimu ya mbele ina spoki 32, ya nyuma 40. Mi nilikuwa nimepanga gurudumu lizunguke mara 2.4 kila pedeli ikizunguka mara moja, ukigawa kwa picha 12 gurudumu linakwenda nyuzi 72 kila picha. Spoki 40 maana yake spoki na spoki zinaachana nyuzi 9. Nane mara tisa sabini na mbili! Yaani kila picha gurudumu la nyuma lilikuwa linasogea spoki nane kamili, spoki mpya inakaa palepale ilipokuwa nyenzake, na nilizichora zote 40 kwa uaminifu, masaa na masaa, ili gurudumu lionekane limesimama. La mbele halikusimama kwasababu hesabu yake haigawanyiki. Nikafuta spoki zote nikaacha kivuli chepesi cha duara na spoki moja nimeifunga kitambaa chekundu, kama watoto wanavyofunga, kile kitambaa ndo kinaonyesha gurudumu linaenda.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwasababu mi ni mtoto wa fundi baiskeli na nilikosea baiskeli. Macho yamezoea kitu kiasi kwamba hayakiangalii. Na sio mimi tu, huko Ulaya wachoraji wakubwa waliishi na farasi maisha yao yote na wakawa wanamchora farasi anaekimbia kanyoosha miguu minne, miwili mbele miwili nyuma, kama kiti cha kuyumba, mpaka mwaka 1878 kule California mpiga picha Eadweard Muybridge akapanga kamera mstari, akampiga farasi picha mfululizo, ikaonekana kumbe miguu yote minne inaacha ardhi pale inapokuwa imekunjwa pamoja chini ya tumbo. Hawa watu hawakukosa brashi nzuri.

Na ndo maana nasema hata kunakili mwendo kutoka vitabu vya nje kuna mtego. Vile vitabu vinafundisha mwendo wa kutembea kwa picha nne mama kila hatua: kisigino kinagusa chini, mwili unashuka, miguu inapishana, mwili unapanda, na hatua moja ni fremu 12, sekunde moja hatua mbili. Nzuri sana, nimejifunza hapo na kila anaeanza aanzie hapo. Lakini kwa mpango huo kichwa kinapanda na kushuka kama wimbi. Sasa mpandishe mama wa hapa kwetu ndoo ya maji kichwani umtembeze kwa mpango huo uone, kabla hajafika nyumbani ndoo imebaki na kikombe. Nilikaa asubuhi nzima karibu na bomba naangalia (akina mama wakaniuliza we kijana una shida gani, nikawaonyesha daftari, wakacheka, wakaniachia) na nnachokiona ni kwamba kichwa kimetulia kama kiko kwenye reli, kazi yote iko magotini na kiunoni, na kanga imefupisha hatua. Kuna watafiti waliwapima akina mama wa Kikuyu na Kijaluo Kenya, matokeo yakachapishwa mwaka 1986, wakakuta mwanamke aliezoea, Mjaluo kichwani na Mkikuyu mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso, anabeba mzigo wa mpaka asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu za ziada. Huo ni mwendo wa peke yake kabisa, haumo kwenye vile vitabu, na hapa kila mtaa upo unapita bure, sisi tunauchora kwa kuangalia kitabu.

Mtu atasema basi si uchukue vidio kwa simu ukopi fremu kwa fremu. Hilo nalo la zamani, mchora katuni wa Marekani Max Fleischer alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine ya kuchora juu ya filamu mwaka 1917, sio jambo la aibu, hata mi natumia vidio. Ila ya kuangalia, sio ya kukandamizia karatasi. Ukikopi kila fremu unakopi na vile vitikisiko vidogo visivyo na maana, mkono wako nao unaongeza vyake, na matokeo yake ni mtu anaeelea kama yuko ndani ya maji, hana uzito. Alafu simu nyingi zinachukua fremu 30 kwa sekunde, ukiiingiza kwenye kazi ya 24 mashine inaondoa fremu moja katika kila tano, mwendo unakuwa na kwikwi na hujui imetoka wapi. Na kituo cha TV nacho kinataka 25. Hapo napo kila mtu analaumu mchoraji.

Na zile programu za kukujazia picha za katikati zenyewe, nyingine nzuri, ila nyingine zinapita njia ya mkato. Mkono ukiwa umenyooka juu kwenye picha mama ya kwanza na umenyooka mbele kwenye ya pili, robo ya mduara, kiganja cha kweli kinapita kwa kupinda, kinachora upinde. Programu ikikipitisha kwenye mstari ulionyooka, pale katikati mkono unapungua urefu karibia asilimia 30. Pima kwa rula utaona. Unapata mtu ambaye kila akipunga mkono unaingia ndani unatoka, kama kobe. Hiyo mashine ina kasi kuliko mimi, lakini haijawahi kuona mtu akipunga mkono.

Kidogo kuhusu kanga, maana najua mtauliza mbona wanawake kwenye katuni zangu wamevaa nguo za rangi moja. Jamani. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina lina herufi, sasa chora zile herufi mara 12 kwa sekunde kwenye kitambaa kinachopepea, kila herufi ikicheza upande wake, hata yale maneno mazuri ya mafumbo yanageuka sisimizi. Nachora pindo tu na rangi ya katikati, nguvu zangu naziweka kwenye kile kinachofanya kanga iwe kanga, kwamba mama akisimama kanga haisimami nae, inachelewa, inapita kidogo mbele, inarudi, inatulia. Kawaangalie akina mama kwenye taarabu wanavyoinuka kwenda kutunza, bega linaanza, kiwiko kinafuata, kiganja na noti vinamalizia, kanga inakuja ya mwisho kabisa. Ukiviondosha vyote kwa pamoja umechora sanamu inasukumwa.

Sasa kwanini tunayajua haya na bado kazi zinatoka zinatetemeka? Hapa msomaji wako angeniuliza mimi ningemwambia tatizo ni siku mbili. Kabla ya kusafisha michoro na kupiga rangi, kuna kitu kinaitwa jaribio la penseli, unapiga picha ile michoro michafu unaicheza kwenye skrini, unaona hapa nazi inaelea, hapa kichwa kimevimba, unarekebisha kwa kifutio wakati bado kufuta ni bure. Mzee wangu angeiona ile baiskeli siku ya jaribio ningeokoa kazi ya zaidi ya wiki. Lakini mteja, na wapo wengi sitaji mtu, anakuja Jumatatu anataka dakika nzima ifikapo Ijumaa. Dakika moja ni picha 720. Kwa siku tano ni 144 kwa siku, na umeme uwepo. Ukimwambia naomba siku mbili za jaribio anakuuliza kwani kompyuta si inachora yenyewe? Basi unaruka jaribio, unasafisha moja kwa moja, unaomba Mungu. Aliekuwa mteja wangu mmoja alinirudishia kazi mara nne, kila mara anasema haijakaa kama binadamu, na alikuwa na haki, na zile siku alizotumia kurudisha zingetosha majaribio matatu. Nilichojifunza ni kuandika kwenye makubaliano tangu mwanzo kwamba hakuna rangi mpaka mteja asaini michoro michafu. Wawili wakaniacha. Waliobaki kazi zao hazitetemeki.

Sasa Mhariri, nilichokuja nacho hasa. Gazeti lako lina ukurasa wa watoto. Naomba mtupe hapo nafasi ya visanduku 12, mara moja tu tuone, kila kisanduku upana sentimita 6 na kimo sentimita 4, ndani yake yule mtu wangu wa baiskeli na gunia lake, picha ya 1 mpaka ya 12. Mtoto anakata, anabandika kila kisanduku kwenye kipande cha jalada la daftari maana karatasi ya gazeti ni laini haipinduki, anazipanga kwa namba, anabana upande wa kushoto kwa pini, anapindua kwa kidole gumba. Baiskeli itaenda. Akizipindua tena itaendelea, kwasababu ya 12 inaingia kwenye ya 1. Alafu atazivuruga zile karatasi aone inakuwaje, na atatoa mbili aone inakuwaje, hiyo ndo shule yenyewe na haina bando.

Michoro ipo tayari, mistari meusi tu haina rangi, sitaki malipo. Upande wa kushoto nimeacha sentimita moja na nusu ya pini, msiibane. Na nawajua nyie watu wa magazeti, tangazo likija usiku mtatafuta pa kukata. Kateni hii barua popote mnapotaka, hata nusu. Visanduku viacheni 12, maana mkichapa 11 yule mtu atafika juu ya pedeli na kurushwa mbele, na mzee atanipigia simu kuuliza nimemfanya nini.

Wako,
Mchoraji, Makorora, Tanga